Maonesho ya biashara: ni nani anayeoneshwa?

Wiki chache zilizopita nilikuwa nimeketi katika duka la rafiki yangu anayeuza chaji, nyaya na vifaa vingine vya simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo, naye alikuwa anapiga hesabu ya nauli na malazi ya safari ya Guangzhou. Mteja mmoja, kijana mwenye ufahamu mzuri wa mambo ya simu, aliposikia kwamba safari hiyo ni ya kwenda kwenye maonesho, alimwambia kwa nia njema kabisa: "Mzee wangu, usitupe hela. Maonesho ya teknolojia yalishakufa. Siku hizi kampuni ikiwa na simu mpya inaizindua mtandaoni na dunia nzima inaona." Kauli hiyo nimeisikia redioni, nimeisoma magazetini, nimeisikia hata katika semina, na kila mara kosa ni lile lile: msemaji anataja maonesho, lakini anachokieleza ni uzinduzi.

Maana yenyewe haina ugumu. Maonesho ya biashara ni mkusanyiko wa siku chache ambamo wenye bidhaa hukodi mabanda na kuweka sampuli, ili wanunuzi wa biashara, yaani wauzaji wa jumla, wenye maduka, viwanda na taasisi, wazikague, waulize bei na kuweka oda. Uzinduzi ni tukio la kampuni kutangaza bidhaa yake kwa umma. Kongamano ni mkutano wa kujadiliana. Tamasha ni mkusanyiko wa kusherehekea na kuburudika. Yote manne yanaweza kufanyika chini ya paa moja na katika wiki moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Neno lenyewe lingeweza kutusaidia kama tungelitazama vizuri, lakini wengi wanaolijadili huishia kwenye ubishi wa tahajia, kama tuandike maonesho au maonyesho. Mzizi ni -ona. Kiswahili kina njia ya kale ya kuunda usababishi kwa kupachika y: pona ikazaa ponya, gawana ikazaa gawanya, kana ikazaa kanya, na ona ikazaa onya. Kwa asili yake, basi, kuonya ni kumfanya mtu aone, na maana hiyo ikabanwa hadi ikabaki kumfanya aone hatari iliyo mbele yake. Onya ilipokwisha kushikwa na tahadhari, kukawa na haja ya kitenzi kingine cha kumfanya mtu aone jambo lolote lile. Ndipo juu ya onya ikaongezwa -esha tukapata onyesha, na kwa njia fupi zaidi, kutoka ona moja kwa moja, tukapata onesha. Wanaodai kwamba onyesha ni kosa kwa kuwa eti maana yake ni kusababisha mtu aonye, wanaisahau safari hiyo ndefu ya neno. Kamusi zetu zinayatambua maumbo yote mawili. Mimi naandika maonesho kwa mazoea tu, wala simsahihishi anayeandika vinginevyo.

Lililo muhimu zaidi ya tahajia ni kwamba hiki ni kitenzi cha usababishi, na kitenzi cha namna hiyo hakikamiliki kwa mtu mmoja. Mtu anaweza kuona peke yake, lakini hawezi kuonesha peke yake. Lazima awepo anayeoneshwa. Tukisema maonesho bila kuuliza ni nani anayeoneshwa, tumelitumia neno nusu. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo inayotofautisha maonesho ya biashara na kila kitu kingine kinachobebeshwa jina hilo, kwa sababu katika maonesho ya biashara anayeoneshwa ni mfanyabiashara mwenzako, mtu ambaye akiridhika na chaji moja ataagiza elfu tano.

Wajerumani, ambao kwa karne nyingi wamekuwa mabingwa wa shughuli hii, wanatumia neno Messe, ambalo ni neno lile lile wanalolitumia kwa misa ya kanisani. Sababu ni kwamba sikukuu za kanisa ziliwaleta watu wengi mjini, na penye watu wengi wachuuzi hawakosi. Mji wa Leipzig ulikuwa na masoko ya namna hiyo tangu enzi za kati, na mwaka 1497 Mfalme Maximilian wa Kwanza aliyapa hadhi ya kulindwa na himaya. Kwa muda wote huo mfanyabiashara alifika na mzigo wake: manyoya, vitambaa, vitabu. Aliuza alichokibeba, akarudi na kilichobaki. Kisha vikaja viwanda na reli, na mambo yakageuka. Kiwanda kinatoa vikombe elfu vinavyofanana kabisa, kwa hiyo hapana haja ya kuvibeba vyote. Kimoja kinatosha kumwambia mnunuzi vingine vitakuwaje, na vilivyoagizwa vitafuata kwa treni. Mwaka 1895 Leipzig ikaacha rasmi kuwa soko la mizigo na kuwa soko la sampuli. Sampuli kwa Kijerumani ni Muster, na nembo ya maonesho ya mji huo hadi leo ni herufi mbili za M zilizobebana: Muster na Messe.

Ninakaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo dhana nzima ilipozaliwa. Sampuli ni ahadi. Mnunuzi anapoishika, kuipima uzito mkononi na kuigeuza chini juu, anachokitathmini si kile kimoja kilicho mezani, kwani hicho haruhusiwi hata kuondoka nacho. Anautathmini uwezo wa mtu aliye mbele yake wa kutoa vingine elfu tano vilivyo sawa na hicho, kwa bei waliyokubaliana na kwa tarehe waliyoandikiana. Gulio na mnada wetu ni kitu tofauti na chenye heshima yake. Waganda husema okugula kwa maana ya kununua, na mzizi huo ndio tunaousikia katika gulio: mahali pa kununulia, unalipa, unabeba, unaondoka.

Afrika Mashariki tumeyachanganya mambo haya kwa sababu zinazoeleweka. Maonesho ya Sabasaba katika barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, yanaitwa rasmi maonesho ya kimataifa ya biashara, na ni kweli wapo wageni wanaokutana na wanunuzi wao pale. Lakini familia nyingi zinakata tiketi ili kutembea, kula, kununua sufuria na kurudi nazo nyumbani. Wakenya huita mkusanyiko wao wa Jamhuri Park shoo, na mtoto wa Nairobi akisikia shoo anawaza ng'ombe wa mashindano na bembea. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Tatizo linakuja tunapoichukua picha hiyo ya umati na kuitumia kupima maonesho ya teknolojia ya Las Vegas au Taipei, ambako anayeoneshwa ni mwingine.

CES ya Las Vegas ndiyo inayopotosha wengi, kwa kuwa jina lake la asili linamtaja mlaji. Ilianza New York mwezi Juni mwaka 1967, ikiwa na wahudhuriaji 17,500, kama maonesho ya vifaa vya elektroniki vya matumizi ya nyumbani. Lakini walaji ndio wanaotumia vifaa hivyo, si wanaoingia ukumbini. CES haifunguliwi kwa umma. Anayejiandikisha anatakiwa kuthibitisha kwamba anafanya kazi katika sekta hiyo. Maonesho ya IFA ya Berlin, yaliyoanza mwaka 1924 kama maonesho ya redio, yanamruhusu mwananchi wa kawaida kuingia. Dubai nao wametenganisha vizuri: GITEX, iliyoanza mwaka 1981, ni ya wafanyabiashara na taasisi, ilhali kwa yule anayetaka kununua kompyuta yenye punguzo wakaanzisha soko lingine kando, wakaliita GITEX Shopper.

Sasa turudi kwa yule kijana, kwa sababu kuna jambo ambalo amelisema kwa haki. Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilitumia majukwaa ya maonesho kuzindulia bidhaa, kwani waandishi wa habari wote walikuwa pale. Kisha zikagundua kwamba hazihitaji kugombania vichwa vya habari na washindani wao katika wiki moja. Apple ilipoitangaza iPhone tarehe 9 Januari 2007, wiki ile ile CES ilikuwa inaendelea Las Vegas, na simu ile haikuwa huko. Ilikuwa San Francisco, katika maonesho ya Macworld. Miaka miwili baadaye Apple iliyaacha hata hayo ya Macworld. Mwaka 2013 Nintendo iliamua kutofanya mkutano wake mkubwa wa jukwaani katika maonesho ya michezo ya kompyuta ya E3, ikawafikia wapenzi wake kwa video. Sony haikushiriki E3 ya mwaka 2019, na mwezi Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba E3 haitarudi tena. Jukwaa lile lilikuwa limeegemea habari, na habari zilipopata njia nyingine, hapakubaki cha kulishikilia.

COMDEX na CeBIT zilikufa kwa namna nyingine, na ndizo zinazotajwa zaidi kama ushahidi. COMDEX ilianza Las Vegas mwaka 1979, na jina lake lilikuwa kifupisho cha maonesho ya wauzaji wa kompyuta, yaani wenye maduka. Ilikua hadi kupokea zaidi ya watu 200,000, lakini wengi wao hawakuwa tena wenye maduka, na kwa upande mwingine kampuni kama Dell zilikuwa zimeanza kumuuzia mtumiaji moja kwa moja bila duka katikati. Anayeoneshwa alipotoweka, maonesho yakabaki umati. Mwaka 2003 ndio ulikuwa wa mwisho. CeBIT ya Hannover ilipata zaidi ya watu 800,000 mwaka 2001, na ilipofika 2018 walikuwa wamebaki kiasi cha 120,000. Linalonigusa katika habari hiyo ni kwamba CeBIT ilizaliwa ndani ya maonesho ya viwanda ya Hannover, ikajitenga mwaka 1986, na ilipofungwa, mada zake za viwandani zikarudi kwenye maonesho hayo hayo, kwa sababu kompyuta ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya kila mashine. Mwenye kiwanda anayehitaji programu ya kuendeshea mtambo anataka kuiona kando ya mtambo.

Upande wa sampuli haujaonesha dalili ya kufa. Maonesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu mwaka 1957, yalihamishiwa mtandaoni mwezi Juni 2020 kwa sababu ya ugonjwa, wakajenga mabanda ya video na mazungumzo. Na mipaka ilipofunguliwa, mwezi Aprili 2023 kumbi zikajaa tena. CES ilifanyika mtandaoni tu mwaka 2021, na mwaka 2025 ilipokea zaidi ya watu 140,000. Barcelona, waandaaji wa MWC, maonesho ya sekta ya mawasiliano ya simu, walilazimika kufuta maonesho ya mwaka 2020 siku chache kabla hayajaanza, lakini sasa yamevuka tena watu 100,000, na wengi wanaokwenda huko hawafuati simu za mkononi. Wanafuata vyumba vya nyuma ambamo kampuni za mawasiliano huzungumza na Ericsson, Huawei na Nokia kuhusu mitambo ya minara. Toleo la Kigali, lililoanza mwaka 2022, lina sura zaidi ya kongamano, lenye mawaziri na wasimamizi wa sekta, na ni vyema liitwe hivyo.

Sisemi kwamba kila mwenye kampuni afunge safari. Banda ni ghali, hoteli hupandisha bei wiki hiyo, na aliyekwenda bila miadi anaweza kurudi na mfuko wa vipeperushi tu. Mwenye programu ya simu inayouzwa kwa mtumiaji moja kwa moja hana mtu wa kumwonesha sampuli kule. Mwenye duka la chaji anaye, tena wengi, na katika siku tano anaweza kuwauliza watu thelathini swali ambalo kwenye tovuti hujibiwa kwa urahisi mno: wewe ni kiwanda au ni dalali?

Yule kijana alinisikiliza vizuri, akauliza kama basi alikuwa amekosea kabisa. Nikamwambia: "Hapana, mwanangu. Simu kuzinduliwa mtandaoni ni kweli tupu, ila hilo liite uzinduzi. Huyu mzee wako anakwenda kushika chaji." Rafiki yangu alikuwa amekwisha kurudi kwenye kikokotoo chake, akihakikisha tarehe za awamu ya kwanza ya Oktoba, ile ya elektroniki, kabla hajampigia wakala wa tiketi.