Mafuta ya zeituni na limau hayatoi mawe ya nyongo

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miaka: kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku, asubuhi utaona mawe ya kijani chooni, nyongo imesafika.

Nyongo si uchafu. Ni majimaji yanayotengenezwa na ini na kuhifadhiwa kwenye kifuko chake, yasaidie kusaga mafuta. Mawe halisi hutokana hasa na kolesteroli inayogandamana humo.

Vile vidonge vya kijani vinaonekana kweli, ndiyo maana watu huamini. Lakini vilipopimwa maabara vilikutwa ni mafuta yaleyale yaliyogeuka kama sabuni tumboni. Ukiviweka penye joto huyeyuka. Jiwe halisi haliyeyuki hivyo. Kipimo cha uhakika ni ultrasaundi, kabla na baada. Tena maumivu ya mawe huja na kuondoka yenyewe, basi sifa huenda kwa mafuta.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mafuta mengi hukikaza kifuko, na jiwe linaweza kusukumwa likaziba mrija. Mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa au macho ya njano awahi hospitali leo hii.