Eti simu imetupunguzia safari? Tusidanganyane

Hii kauli naiskia kila siku, "siku hizi hakuna haja ya kutoka, kila kitu kiko kwa simu." Ukiiacha tu hivyo watu wataanza kuamini feri na barabara za huku kwetu Mombasa si muhimu tena, na hapo ndo mimi siwezi kunyamaza.

Dhana: ukiongea na mtu kwa simu ndo basi, huna haja ya kumwendea.

Ukweli ni kinyume kabisa. Zamani mtu akilazwa kule Kwale habari inakufikia kashatoka hospitali, pole unampa mkikutana Idi. Sasa hivi meseji inaingia kwa grupu la familia alfajiri, saa tatu ushasimama Likoni, pale feri inapovusha watu kwenda upande wa Kwale, na kikapu cha matunda wasubiri lango lifunguliwe. Mwezi uliopita nimevuka mara tano, arusi mbili, hitima, mgonjwa na arubaini ya mtoto, na zote nilizijua kwa WhatsApp, bila hiyo simu labda ningevuka mara moja tu. Na si mimi pekee, mtafiti wa Marekani Patricia Mokhtarian ameandika miaka mingi kuhusu hili, kwamba mawasiliano na safari mara nyingi hukua pamoja. Alexander Graham Bell alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya simu 1876, na tangu hapo watu wamezidi kusafiri wala hawajapunguza.

Dhana: M-Pesa imeua safari za kupeleka pesa.

Hapa kuna ukweli, sikatai. Kabla M-Pesa haijaanza 2007 ilikuwa ubebe pesa mwenyewe ama umpe dereva wa basi bahasha na uombe Mungu ifike. Safari hiyo imekufa. Lakini kuna nyingine imezaliwa ambayo watu hawaihesabu, nayo ni ile ya kutumiwa nauli. Nyanya yangu yuko Msambweni, akitaka kuja kliniki huku kisiwani tunamrushia nauli usiku, asubuhi anatoa kwa ejenti, anapanda matatu, saa nne yuko Ferry. Zamani angekaa na maumivu yake mpaka mtu amfuate.

Dhana: baadaye wote tutafanyia kazi nyumbani.

Wazo hili si geni, Jack Nilles alilianzisha Marekani 1973. Wa kompyuta sawa, siku hiyo haendi ofisini kweli. Lakini Mombasa hii inaendeshwa na bandari, hoteli, soko la Kongowea na tuktuk, na kuli hashushi kontena kwa intaneti wala mama wa viazi karai hakaangi kwa Zoom.

Za teksi za apu nitasema kidogo tu, watu hudhani zinapunguza magari barabarani, wanasahau dereva anakuja kukuchukua gari tupu, hiyo nayo ni safari.

Dhana: ukinunua online hakuna anayetembea.

Safari ipo, imebadilisha tu miguu, wewe umekaa na mwenye boda ndo anatembea. Jirani yangu hapa Kisauni anauza madera kwa simu, zamani alikuwa anashuka soko la Marikiti mara mbili kwa wiki kuchukua mzigo, basi. Sasa bado anashuka hizo mara mbili, na juu yake kila siku yuko steji, anafunga dera kwa mfuko mweusi, anaandika namba ya mteja kwa kalamu nene, anampa makanga wa Mtwapa na hamsini yake, anarudi, hajakaa simu inalia tena kuna mtu wa Ukunda anataka la zambarau, na hilo la Ukunda makanga wa huku hafiki, lazima lipelekwe mpaka feri livuke. Jana nimemkuta mtoto wake wa darasa la saba akikimbia na mfuko kabla matatu haijaondoka, alikuwa ashaenda na kurudi mara tatu, na ilikuwa bado adhuhuri haijaadhiniwa.