P0171 haimaanishi oksijeni sensa imekufa

Taa ya injini imewaka, gari imepimwa kwa mashine, imetoka kodi (namba ya kosa) P0171, na mwenye gari anafika gereji akiwa tayari ameshikilia boksi la sensa. "Oksijeni sensa imekufa, nifungie hii." Ni imani inayowagharimu watu fedha kila siku, na inaumiza zaidi kwa sababu sensa inayotolewa mara nyingi ni nzima na orijino, na inayofungwa ni ya bei chee isiyoendana na gari.

Tuanze na maana ya kodi yenyewe. P0171 inasema kompyuta imeongeza mafuta kupita kikomo kilichowekwa upande wa benki ya 1 (upande wenye silinda namba 1), kwa sababu iliona oksijeni imezidi kwenye moshi. Kompyuta imejuaje? Imeambiwa na sensa hiyohiyo unayotaka kuitupa. Sensa ndiyo shahidi wa kesi. Inapokufa kweli huwa na kodi zake: P0135 kwa hita, P0130 hadi P0134 kwa waya, mawimbi au uvivu wa kujibu. P0171 ikija peke yake, mtuhumiwa wa kwanza ni hewa inayoingia bila kupimwa au mafuta yasiyofika ya kutosha.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba walibadilisha sensa na taa ikazima? Fundi akishafunga sensa hufuta kodi, au huchomoa betri. Hapo kompyuta inasahau marekebisho yote ya muda mrefu (LTFT) na kuanza upya kwenye sifuri. Itachukua muda kujifunza tena, na gari nyingi zinahitaji kuona kosa kwenye safari mbili kabla ya kuwasha taa. Kwa hiyo taa inabaki imezima siku mbili, wiki, hata zaidi kama gari haitembei sana. Mteja ameshalipa, ameshasimulia wenzake, na tatizo liko palepale. Ungefuta kodi bila kubadilisha chochote ungepata "uponyaji" uleule.

Kuthibitisha kama sensa ni nzima ni kazi ya dakika tano. Injini iwe imepata joto, juu ya nyuzi 80. Kwa sensa ya kawaida ya waya nne, volti inapaswa kurukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Chomoa bomba dogo la vakyumu: inashuka chini ya 0.2. Rudisha bomba, kisha ingiza gesi kidogo isiyowashwa kwenye njia ya hewa: inapanda hadi 0.8 au zaidi papo hapo. Ikijibu hivyo pande zote mbili, iache ilipo.

Tahadhari kwa wenye Toyota. Gari nyingi zina sensa ya A/F (ya uwiano wa hewa na mafuta) mbele ya masega (kisafisha moshi cha ekzosti), wala siyo oksijeni sensa ya kawaida, na usomaji wake uko kinyume. Mchanganyiko ulio sawa huonekana kama volti 3.3 kwenye mashine ya Toyota. Ikipanda juu ya hapo, mchanganyiko ni mwepesi (mafuta pungufu), ikishuka ni mzito (mafuta yamezidi). Baadhi ya mashine za kawaida hugawa thamani hiyo kwa 5 na kuonyesha 0.66, fundi anaamini imeganda. Hizi sensa mbili haziingiliani hata kama plagi yake inaingia. Ukifunga ya kawaida mahali pa A/F umetengeneza tatizo jipya juu ya la zamani.

Zipo hali mbili ambapo sensa nzima inadanganywa. Ya kwanza ni ekzosti inayovuja kabla ya sensa: ufa kwenye manifoldi au gasketi iliyoungua hunyonya hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi. Ya pili ni misi. Silinda isiyochoma hutoa oksijeni yake yote bila kutumika, na sensa haihesabu mafuta mabichi, inahesabu oksijeni tu. Kwa hiyo P0171 ikiambatana na P0300 au P0301 na kuendelea (kodi za misi), shughulikia plagi na koili kwanza.

Sasa, badala ya kununua, soma namba. Kabla ya kufuta chochote, fungua kumbukumbu ya wakati kodi ilipoingia: mzunguko wa injini, mzigo, joto, mwendo. Kisha jumlisha STFT (marekebisho ya muda mfupi) na LTFT injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, halafu shikilia mzunguko 2,500 kwa dakika moja na ujumlishe tena. Jumla iliyo ndani ya asilimia 10 juu au chini haina ugomvi.

Ikiwa sailensa inasoma +25 na kwenye 2,500 inashuka hadi +5 au +6, kuna hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupimwa. Hesabu yake ni rahisi. Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST, Probox na Premio ya 1500, hupitisha takriban gramu 2 za hewa kwa sekunde ikiwa sailensa. Ufa unaoingiza nusu gramu ni robo ya hewa yote iliyopimwa. Kwenye gramu 8 za mzunguko wa juu, nusu gramu hiyohiyo ni asilimia 6 tu.

Ikiwa sailensa iko sawa lakini namba zinapanda unapopanda mlima au kukanyaga mafuta, tazama pampu, chujio na sensa ya hewa (MAF). Pima kwa geji. Kwa 1NZ-FE shinikizo linapaswa kuwa kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50, na lisishuke unapokanyaga. Gereji isiyo na geji ya mafuta isikuuzie pampu. Chujio kwenye gari hizi kimo ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo ukiambiwa "filta ya nje imezibwa" uliza iko wapi.

MAF iliyochafuka hupima hewa pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu. Ipime barabarani penye usalama: gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho hadi mzunguko 6,000. Injini ya 1500 isiyo na tabo huko Dar es Salaam au Mombasa inapaswa kukaribia gramu 75 hadi 80 kwa sekunde. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, tegemea 60 na ushee. Ukipata 50 Dar, safisha sensa kwa spreyi yake maalumu, usiguse waya wake kwa pamba wala brashi, iache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha. Na kama gari ina filta ya hewa ya kupaka mafuta, huenda umeshapata chanzo.

Hewa ya wizi huitafuti kwa macho peke yake. Bomba la mpira kutoka ea klina hadi throto hupasuka chini, kwenye mikunjo ambayo huioni bila kulifungua. Mengine ni bomba la PCV (linalonyonya mvuke wa ndani ya injini), busta ya breki, oringi za nozeli, gasketi ya manifoldi ya hewa (injini ya Toyota 1ZZ-FE inajulikana kwa hili gasketi ikikakamaa), hata kijiti cha oili au kifuniko cha oili ambacho hakijakaa vizuri. Mashine ya moshi ndiyo njia bora. Kama huna, bana bomba moja moja kwa koleo lisilo na meno huku ukitazama STFT. Ukibana lenye tatizo, namba inaanguka ndani ya sekunde chache. Kupulizia kabureta klina juu ya manifoldi yenye moto ni kuomba moto boneti, tafadhali msifanye.

Kitu kimoja kinachowapoteza hata mafundi wazuri: injini zisizo na MAF, zinazotumia sensa ya MAP (ya shinikizo la manifoldi ya hewa), kama Honda nyingi za miaka ya 1990. Hapo hewa ya wizi hupandisha shinikizo ndani ya manifoldi, kompyuta inaiona na kuongeza mafuta kwa haki. Utaona sailensa imepanda, lakini P0171 haitoki kirahisi. Ikitoka, anza na shinikizo la mafuta.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Safisha nozeli kwanza." Ni nadra nozeli zote nne kuziba kwa kiwango kimoja kwa pamoja. Ikiziba moja, utaisikia kama misi ya silinda moja. Pima shinikizo ndipo uzishushe.

"Toa masega, yamebana." Masega yaliyoziba huua nguvu ya gari, lakini kuyatoa hakutibu kodi hii, na kazi kubwa ya sensa ya nyuma yake ni kuchunguza masega. Kuchomelea bomba vibaya mbele kunakuletea ule uvujaji wa ekzosti niliotaja.

"Weka mafuta ya oktani kubwa." Oktani ni uwezo wa kuzuia kugonga. Haiongezi wala kupunguza kiasi cha mafuta kinachotoka kwenye nozeli.

"Ni hewa ya Nairobi." Hewa nyepesi hupimwa na MAF au MAP kama hewa nyingine yoyote. Isitoshe, enzi za kabureta mwinuko ulifanya mchanganyiko uwe mzito, kinyume kabisa.

"Plagi nyeupe, injini inaungua." Petroli isiyo na risasi huacha plagi safi. Rangi yake haikupi asilimia yoyote.

"Ukiendesha hivyo pistoni itatoboka kesho." Hapa pana nusu ya ukweli. Kompyuta inapoweza kufidia, mchanganyiko ndani ya silinda uko sawa. Kodi inakwambia tu kwamba fidia imekuwa kubwa. Lakini chanzo kikiwa pampu dhaifu, chini ya mzigo mzito fidia haitoshi, injini inagonga na joto linapanda. Gari ya namna hiyo isibebe mzigo kupanda mlima Kitonga kabla haijapimwa.

Ukishatengeneza, futa kodi na uendeshe mjini na barabara kuu, kilomita 50 au zaidi. Kisha soma LTFT tena ukiwa sailensa na kwenye 2,500. Ikikaa ndani ya 5 sehemu zote mbili, kabidhi gari. Ikianza kupanda taratibu 8, 12, 15, rudi kutafuta, hata kama taa bado imezima.