Dawa za Kusawazisha Hisia: Yanayoogopwa Bure na Yanayopuuzwa

Mtu akiandikiwa dawa za kusawazisha hisia kwa ajili ya bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, maonyo humfikia kabla hata hajameza kidonge cha kwanza. Utakuwa zezeta. Ukizianza huachi tena. Zitakumaliza figo. Ajabu ni kwamba waonyaji haohao hawatamwambia neno lolote kuhusu kuhara, dawa za maumivu au mimba, na huko ndiko kwenye hatari yenyewe.

"Zinaua hisia, mtu anabaki kama gogo"

Dawa hizi hulenga kupanda na kushuka kulikopita kiasi. Kupanda ni mania: mtu halali usiku kucha wala hachoki, anaongea bila kituo, anatapanya akiba yake yote akiamini utajiri uko njiani. Kushuka ni sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa. Furaha, hasira na majonzi ya kawaida hubaki. Anayetumia lithiamu, mojawapo ya dawa hizi, akifiwa, analia kama waliaji wengine. Kama mtu anajihisi mzito, anasinzia mchana kutwa au mawazo yamekuwa mazito, mara nyingi dozi ni kubwa mno au dawa zimechanganywa vibaya, na hilo hurekebishwa. Kumjibu mgonjwa huyo "utazoea tu" ni uvivu.

Zinafanyaje kazi? Lithiamu huingia ndani ya seli za ubongo na kupunguza nguvu ya baadhi ya vimeng'enya vinavyopokezana ujumbe humo. Valproeti, kabamazepini na lamotrijini zilitangulia kuwa dawa za kifafa. Hupunguza kupita kwa sodiamu kwenye utando wa seli, ili seli zisirushe ishara mfululizo bila breki. Sayansi haijamaliza kueleza kwa nini hilo hutuliza hisia, lakini matokeo yake yanaonekana. Hayaonekani siku hiyohiyo, hata hivyo. Lithiamu huchukua wiki moja hadi tatu kuishusha mania, ndiyo maana mwanzoni daktari huweza kuongeza dawa nyingine kwa muda.

"Zote ni zilezile, chukua hizi zangu"

Hapana. Lamotrijini husaidia zaidi kuzuia sonona isirudi, na kwa mania iliyokwisha kupamba moto haina msaada wa maana. Lithiamu huzuia pande zote mbili, na imeonekana kupunguza vifo vya kujiua. Dawa za kawaida za sonona nazo ni kundi jingine kabisa: mwenye bipola akipewa hizo peke yake, anaweza kurushwa moja kwa moja kwenye mania.

"Lithiamu ni sumu"

Hili lina chembe ya ukweli, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 jinsi lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wa mania, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa bora za bipola. Tatizo ni kwamba dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana sana. Kwa wengi kiwango kinachotakiwa kwenye damu ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, kikivuka 1.5, tegemea dalili za sumu.

Kwa hiyo damu lazima ipimwe, na ipimwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa tatu usiku atolewe damu saa tatu asubuhi. Akimeza dozi ya asubuhi kwanza ndipo aende maabara, majibu yataonyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli, na anaweza kupunguziwa dawa bila sababu.

Figo huishughulikia lithiamu kama zinavyoshughulikia chumvi. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo huizuia lithiamu isitoke, nayo hujikusanya kwenye damu ingawa mgonjwa hajaongeza hata kidonge kimoja. Kuhara, kutapika, homa ya jasho jingi, kufunga bila maji au kuacha chumvi ghafla, vyote huleta hali hiyo. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo ni dawa za maumivu, na baadhi ya dawa za presha hufanya vivyo hivyo, na hizo mbili za kwanza watu hujinunulia bila kumwuliza yeyote. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi kwa wanaotumia lithiamu.

Mkono kutetemeka kidogo kiasi cha kuharibu mwandiko ni kero inayojulikana. Lakini ukianza kutetemeka kiasi cha kumwaga chai, mtu akatembea akiyumba, ulimi ukawa mzito, au akachanganyikiwa, asimeze dozi inayofuata. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na figo? Kwa baadhi ya wanaoitumia miaka mingi, utendaji wa figo hupungua, na tezi ya thairoidi huweza kulegea. Kipimo cha figo, thairoidi na kalsiamu kila baada ya miezi 6 hugundua hayo mapema.

"Nimepona, kwa hiyo naacha"

Mara nyingi mtu yuko vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Hazileti uraibu: hakuna hamu ya kuzitafuta wala haja ya kuongeza dozi ili zikolee. Ila lithiamu ikikatwa ghafla, mania huweza kurudi haraka na kwa nguvu. Wakikubaliana na daktari kuiacha, hupunguzwa polepole kwa wiki 4 au zaidi, na miezi 3 ni bora.

"Mimba ikiingia ndipo nitauliza"

Umechelewa, hasa kwa valproeti. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokumbana nayo tumboni huzaliwa na kasoro ya kimaumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 huwa na matatizo ya ukuaji wa akili. Asidi ya foliki haiondoi hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema isitumike kwa wanawake na wasichana wanaoweza kupata mimba. Kabamazepini nayo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo wengi huligundua mimba ikiwa tayari imeshaingia. Aliyekwisha kubeba mimba asiitupe dawa kwa hofu. Amwone daktari mara moja, abadilishiwe kwa utaratibu.

"Nikiruka siku kadhaa naendelea nilipoishia"

Ukisahau dozi moja, usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Lamotrijini ina sharti lake zaidi: huanzwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, na kupandishwa kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuiharakisha huongeza uwezekano wa upele mbaya unaobabua ngozi na midomo. Ukiiacha siku 5 au zaidi, usirudi kwenye dozi yako ya zamani. Mpigie daktari kwanza, huenda ukaanza upya na kile kidogo cha mwanzo.