Maombolezo: maana ya kusema kweli mbele za Mungu wakati wa mateso

Maombolezo, kwa maana yake ya kibiblia, ni sala ambayo mtu aliye katika mateso makali humweleza Mungu uchungu wake, mashaka yake na hata hasira yake bila kuyapamba maneno, huku akiendelea kumwita Mungu wake. Sehemu zote mbili za maelezo hayo ni za lazima. Anayelia pasipo kumwelekea Mungu ana huzuni kama binadamu yeyote, na anayemwelekea Mungu huku ameficha uchungu wake anasali, lakini haombolezi.

Katika mazishi ya Kikristo ya kwetu Afrika Mashariki husikika mara nyingi maneno ya Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Ni maneno ya imani kubwa, ila yametoka katika sura ya kwanza ya kitabu chenye sura 42. Katika sura ya 3 mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa, na katika sura ya 7 anatamka waziwazi kwamba hatakizuia kinywa chake. Kumnukuu Ayubu wa sura ya kwanza na kumnyamazisha yule wa sura ya tatu ni kumbebesha mfiwa mzigo ambao Maandiko hayakumtwika.

Yuko atakayejibu kwamba Mungu alimkemea Ayubu, na ni kweli: kuanzia sura ya 38 Mungu anamhoji kwa ukali, na Ayubu anakiri kwamba alisema mambo asiyoyafahamu. Hata hivyo, hukumu ya mwisho katika sura ya 42 inawaangukia rafiki zake watatu, waliokuwa wamemtetea Mungu kwa hotuba ndefu na safi kuhusu dhambi na adhabu. Wao ndio wanaoambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena, wanaagizwa watoe ng'ombe 7 na kondoo 7, na Ayubu ndiye anayetakiwa kuwaombea. Katika kitabu kizima hakuna mahali wanaposimuliwa wakisali. Walizungumza habari za Mungu, ilhali Ayubu, katikati ya malalamiko yake, alikuwa akigeuka tena na tena kuzungumza na Mungu mwenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha maombolezo na manung'uniko, na sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu inaionyesha vizuri kuliko nyingine ninayoijua. Waisraeli jangwani wanalilia nyama na kutamani samaki na matango ya Misri, lakini kilio chao hakimwendei Mungu. Wanalalamika kila mtu mlangoni pa hema yake, na mwisho wake ni pigo. Musa naye amechoka, tena maneno yake ni makali kuliko yao: anamuuliza Bwana kwa nini amemtendea vibaya, anauliza kama yeye ndiye aliyewachukua mimba watu hao wote, kisha anaomba afe. Jibu analopewa ni wazee 70 wa kumsaidia kuubeba mzigo. Ukali wa maneno, basi, si kipimo cha kutosha cha kutambua kufuru. Lazima pia kuangaliwa maneno hayo yanaelekezwa kwa nani.

Kitabu cha Zaburi kimeipa sala hii umbo lake. Takriban theluthi moja ya zaburi 150 huhesabiwa kuwa maombolezo, na nyingi kati yake huanza kwa kumwita Mungu, zikaeleza shida, zikaomba msaada, kisha zikaishia kwenye tumaini au ahadi ya kusifu. Zaburi ya 13 inapita njia hiyo yote katika aya 6, ikianza na swali la "hata lini" linalorudiwa mara nne. Kitabu cha Maombolezo, kinacholilia Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli, kinapanga kilio chake katika sura nne za kwanza kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, jambo linaloonyesha kwamba maombolezo yanaweza kutungwa kwa utulivu na kuimbwa na kusanyiko zima, si kumtoka mtu kwa ghafla tu.

Kwa Mkristo, uzito mkubwa zaidi unatokana na Yesu mwenyewe. Pale msalabani, kwa mujibu wa Mathayo na Marko, alisali kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa hiyo anayeuliza swali hilo leo hawezi kuambiwa kwamba amepungukiwa imani pasipo kumgusa Kristo pia.

Si kila ombolezo hufika kwenye sifa. Zaburi ya 88 inataja giza hadi katika aya yake ya mwisho, ya 18, bila shukrani wala ahadi, na bado imehifadhiwa katika kitabu cha sala. Nguzo yake ya imani ni moja tu: aya ya kwanza inamwita Bwana Mungu wa wokovu wangu. Anayemsomea mgonjwa au mfiwa zaburi hiyo hana haja ya kuharakisha kufungua nyingine yenye furaha. Anaweza kuisoma hadi mwisho, akafunga kitabu na kuketi naye, kama rafiki za Ayubu walivyoketi naye siku 7 kabla hawajaanza kusema.