Mtaalamu wa mtoto ameondoka, je, huduma imeondoka naye? Dhana potofu na ukweli kuhusu mabadiliko ya watumishi katika wakala za elimu za Iowa

Kila mwaka, mwaka wa shule unapokaribia kumalizika, wakala za elimu za maeneo katika jimbo la Iowa, Marekani, hutoa taarifa za watumishi wao: nani anastaafu, nani ameacha kazi, nani ameajiriwa, na nani amekabidhiwa shule ambazo mwenzake alikuwa akizihudumia. Kwa wenyeji wengi hizo ni habari za kawaida. Kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Des Moines, Cedar Rapids na miji mingine ya jimbo hilo, nyingi zikitoka Kongo na Burundi na baadhi zikiwa zimepitia kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma, habari hizohizo huzua hofu, kwa sababu jina linaloondoka huenda ni la mtu pekee ambaye mama wa mtoto mwenye shida ya kusema alikuwa amemzoea na kumwamini. Hofu hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, sehemu yake kubwa imejengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli, nayo humfanya mzazi anyamaze wakati ambao ndio hasa alipaswa kuuliza.

Dhana potofu: Wakala huu ni kama ofisi ya elimu ya mkoa, na mkubwa wake akibadilishwa, shule zote zitabadilika.

Mtu aliyekulia Tanzania akisikia habari za ofisi ya elimu ya eneo, picha inayomjia ni ya Afisa Elimu Mkoa, yaani kiongozi aliye juu ya shule na walimu, na ambaye uhamisho wake huweza kutikisa mambo mengi chini yake. Wakala wa elimu wa eneo, ambao Iowa hujulikana kwa kifupi cha AEA, haukuumbwa hivyo. Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuziunda wakala hizi mwaka 1974, nazo zikaanza kazi tarehe 1 Julai 1975 zikiwa 15, zikichukua nafasi ya ofisi za elimu za kaunti. Baada ya kuunganishwa mara kadhaa, leo zimebaki 9. Shule zenyewe huendeshwa na wilaya za shule, ambazo ni zaidi ya 320, kila moja ikiwa na bodi yake iliyochaguliwa na wananchi na msimamizi wake mkuu. AEA haiwaajiri walimu wa madarasa ya kawaida wa wilaya hizo, haiwahamishi kutoka shule moja kwenda nyingine, wala haina mamlaka ya kutoza kodi.

Kazi yake ni kusaidia. Wilaya ndogo ya vijijini yenye wanafunzi mia chache haiwezi kumlipa peke yake mtaalamu wa tiba ya usemi, mwanasaikolojia wa shule, mtaalamu wa usikivu, mtaalamu wa fiziotherapia na afisa ustawi wa jamii, lakini wilaya nyingi kwa pamoja zinaweza kuwapata kupitia wakala mmoja, ambao watumishi wake huzunguka shule kwa shule, zikiwemo shule binafsi zilizoidhinishwa. Ndiyo maana kuondoka kwa mkurugenzi wa wakala hakumbadilishi mwalimu wa mtoto wako, ilhali kuondoka kwa mtaalamu mmoja wa usemi asiye na cheo chochote kunaweza kugusa watoto wa shule nne au tano kwa siku moja. Mzazi anayetafuta habari za maana kwake katika taarifa hizo aanze na majina ya chini kabla ya yale ya viongozi.

Nigusie pia jambo dogo linalowachanganya wageni: wakala unaohudumia eneo la Cedar Rapids huitwa Grant Wood. Huyo hakuwa mkurugenzi wala mwenye mali. Alikuwa mchoraji maarufu aliyeishi katika mji huo.

Dhana potofu: Mtaalamu akiacha kazi, mpango wa mtoto nao umekwisha, na familia inapaswa kusubiri mpaka apatikane mwingine.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mzazi huambiwa kwa mdomo, pengine na mtu mwenye nia njema kabisa, kwamba nafasi iko wazi na wanatafuta mtu. Anashukuru, anarudi nyumbani, na miezi miwili inapita mtoto akiwa hajapata hata kikao kimoja cha tiba.

Ukweli ni kwamba haki ya mtoto haikuwekwa mikononi mwa mtumishi yeyote. Tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya shirikisho iliyowapa watoto wote wenye ulemavu haki ya elimu ya umma inayowafaa, bila malipo. Sheria hiyo, ambayo mwaka 1990 ilibadilishiwa jina na tangu hapo hujulikana kwa kifupi cha IDEA, inataka kila mtoto anayestahili elimu maalumu awe na mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili yake peke yake, ambao wazazi wengi wa huko wameshazoea kuuita IEP. Ndani ya mpango huo hutajwa malengo ya mtoto, huduma atakazopata, zitatolewa mara ngapi, kwa muda gani na mahali gani. Mpango ukisema mtoto apate tiba ya usemi dakika 60 kwa wiki, deni hilo ni la mfumo wa elimu ya umma, na halifutwi na barua ya mtu ya kujiuzulu. Hakuna kifungu katika sheria hiyo kinachosamehe huduma kwa sababu watumishi ni wachache. Huduma iliyokosekana inaweza kudaiwa ifidiwe baadaye, jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa.

Mtaalamu mpya naye hawezi kuja na kalamu yake akapunguza dakika hizo kwa kuwa ana watoto wengi wa kuwahudumia. Mabadiliko ya mpango hufanywa na timu ambayo mzazi ni mmoja wao, au kwa maandishi ambayo mzazi na shule wamekubaliana, na kabla ya huduma kubadilishwa mzazi lazima apewe taarifa ya maandishi inayoeleza kinachobadilishwa na sababu yake, kwa lugha yake isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani. Faili la mtoto haliondoki na mtaalamu aliyekuwa akilitunza. Mzazi akiomba kuliona, ni lazima aruhusiwe bila kucheleweshwa isivyo lazima, na kwa vyovyote ndani ya siku 45. Mpango wenyewe hupitiwa upya angalau mara moja kwa mwaka, na mtoto hutathminiwa tena angalau kila baada ya miaka mitatu. Tarehe hizo hazisogezwi mbele kwa sababu ofisini kuna kiti kitupu.

Kwa hiyo, mzazi anapopata habari kwamba mtaalamu wa mtoto wake anaondoka, aandike barua fupi au barua pepe, hata kwa Kiswahili, kwa mwalimu mkuu na kwa wakala, akiuliza mambo matatu: ni nani anayeshika faili la mtoto kuanzia sasa, huduma zitaendelea kutolewa na nani kuanzia tarehe ipi, na vikao vilivyokosekana vitafidiwa vipi. Maandishi yana uzito ambao mazungumzo ya mlangoni hayana, kwa sababu yana tarehe. Ikiwa majibu hayaji, kuna njia ya malalamiko kwenye Idara ya Elimu ya jimbo, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuyatolea uamuzi ndani ya siku 60, mradi jambo linalolalamikiwa halijapita mwaka mmoja.

Dhana potofu: Sheria ya mwaka 2024 ilizifuta wakala hizi, na wanaoondoka sasa ndio wa mwisho.

Wakala hazikufutwa. Mwezi Machi 2024, Gavana Kim Reynolds alitia saini sheria iliyobadilisha namna fedha zinavyozifikia na nani anayezisimamia. Kabla ya hapo fedha zilipita kwa wilaya na kwenda moja kwa moja kwa wakala. Chini ya sheria mpya, kwa huduma za jumla na za maktaba na vifaa vya kufundishia, wilaya zilianza kubaki na asilimia 40 katika mwaka wa shule wa 2024–25, na kuanzia 2025–26 zimepewa fedha zote ziamue zenyewe kama zitanunua huduma kwa wakala au kwingineko. Kwa elimu maalumu hali ni tofauti: kuanzia 2025–26 asilimia 90 ya fedha inaendelea kwenda kwa wakala, na wilaya hubaki na asilimia 10. Usimamizi wa elimu maalumu nao umesogezwa zaidi kwenye Idara ya Elimu ya jimbo.

Walioziomboleza wakala hizi kana kwamba zimeshazikwa walikosea, lakini hata wale waliosema kwamba hakuna kitakachobadilika hawakuwatendea wazazi haki. Watumishi wapatao mamia waliacha kazi au nafasi zao hazikujazwa, wengi wao wakiwa watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na mtu wa namna hiyo akiondoka huondoka na ujuzi ambao haumo katika faili lolote: anajua kwamba mtoto fulani huongea akiwa na mdoli mkononi, na kwamba mwingine hunyamaza akiketishwa karibu na dirisha. Naona ni haki kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa mzazi anayeambiwa kwamba yote ni shwari, huku akiona sura mpya kila muhula, ataacha kuamini hata taarifa zilizo sahihi.

Dhana potofu: Majina yakiwa mengi katika orodha ya wanaoondoka, basi wamefukuzwa.

Mikataba ya kazi za elimu hufuata mwaka wa fedha unaokwisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo barua za kuacha kazi hukusanyika katika miezi ya mwisho ya mwaka wa shule, na bodi ya wakala huzipokea katika kikao cha wazi ambacho muhtasari wake husomwa na yeyote. Orodha ndefu ya mwezi Aprili haiwezi kulinganishwa na orodha fupi ya Novemba. Wengine wanastaafu tu. Watumishi wa wakala hizi wamo katika mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa jimbo, IPERS, ambao huruhusu pensheni kamili pale umri na miaka ya utumishi vinapojumlishwa vikafika 88. Mtu mwenye umri wa miaka 57 aliyetumikia miaka 31 ameshafika, ingawa majirani wanamwona bado kijana wa kazi.

Dhana potofu: Mtaalamu mpya hajui Kiswahili, basi dada mkubwa atatafsiri.

Katika familia zetu mtoto mkubwa ndiye anayejua Kiingereza, naye hutumwa benki, hospitali na shuleni, na hutumika kwa heshima na upendo. Lakini kikao cha mpango wa elimu maalumu si mahali pake. Sheria inaitaka mamlaka ya elimu ichukue hatua zinazohitajika kuhakikisha mzazi anaelewa yanayosemwa, ikiwemo kumpatia mkalimani, na mzazi halipi chochote. Kama mkalimani aliyezoeleka naye ameondoka, ombi la mwingine lipelekwe mapema kabla ya siku ya kikao. Binti wa miaka 13 hawezi kubebeshwa kazi ya kumtafsiria mama yake maneno kuhusu upungufu wa mdogo wake, hata kama lugha anaiweza.

Lugha huingia pia katika kumpima mtoto. Tathmini inapaswa kufanywa kwa lugha na kwa namna itakayoonyesha kweli anachojua mtoto, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani. Mtaalamu mgeni aliyekabidhiwa watoto wengi kwa mkupuo anaweza kudhani kwamba mtoto asiyejibu kwa Kiingereza ana tatizo la usemi, kumbe nyumbani anasimulia hadithi nzima kwa Kiswahili, au kwa Kibembe, au kwa Kirundi. Mzazi aseme hivyo, tena aseme mapema, kwa sababu mtaalamu aliyetangulia huenda alilijua jambo hilo bila kuliandika popote.

Dhana potofu: Mtumishi mpya anayekuja nyumbani ametumwa kuipeleleza familia.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, Iowa ina huduma iitwayo Early ACCESS, ambayo watumishi wa AEA huitoa mara nyingi nyumbani kwa sababu huko ndiko mtoto anakoishi na kujifunza. Ni ya hiari na familia hailipii. Anayekuja badala ya aliyeondoka anaweza kuombwa aonyeshe kitambulisho chake cha kazi kabla ya kukaribishwa ndani, na hilo si utovu wa adabu.

Dhana potofu: Kuuliza maswali ni kumkosea heshima mtaalamu mgeni.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mwalimu akishasema, mzazi hasemi. Adabu hiyo ni njema, na wataalamu wengi wa Iowa huipenda wanapokutana nayo. Hata hivyo, mtaalamu aliyeanza kazi wiki iliyopita anamjua mtoto kwa kusoma karatasi, na anahitaji kuambiwa. Kifungu cha sheria kinachotaja wajumbe wa timu ya mpango wa mtoto kinaanza na wazazi, kisha ndipo kinamtaja mwalimu wa darasa la kawaida na wengine wanaofuata. Mzazi anaweza kuomba kikao wakati wowote wa mwaka, bila kusubiri tarehe ya mapitio, na kubadilishwa kwa mtaalamu kunatosha kabisa kuwa sababu ya kukiomba.