Nafasi darasani na vyuo vikuu vya Marekani: asilimia 95 ni ya nani?

Kila majibu ya udahili wa vyuo vikuu vya Marekani yanapotoka, hesabu ileile huzunguka kwenye makundi ya wazazi na walimu. Chuo fulani kimetangaza kwamba asilimia 95 ya wanafunzi wake wapya walikuwa katika sehemu ya kumi ya juu ya madarasa yao. Mtoto wetu ni wa pili darasani. Basi ana uhakika wa asilimia 95. Nimekutana na hesabu hii mara nyingi mno, na wanaoumizwa nayo ni watoto. Kijana aliyehakikishiwa hivyo akikataliwa, huamini kwamba kuna kosa kubwa amelifanya mahali fulani, hali hakuna.

Nafasi darasani ni namba inayoonyesha mwanafunzi amesimama wapi kati ya wenzake wa mwaka wake, katika shule yake, wakipangwa kwa wastani wa alama. Ndiyo ile ya kwenye ripoti zetu za muhula: wa 3 kati ya 112. Kwa Wamarekani wastani huo huitwa GPA na hujumlisha miaka yote ya sekondari ya juu. Shule nyingine huongeza uzito kwa masomo magumu na nyingine haziongezi, kwa hiyo mwanafunzi yuleyule anaweza kuwa wa 5 kwa hesabu moja na wa 20 kwa nyingine. Vyuo hupenda kuisoma kwa mafungu: sehemu ya kumi ya juu, robo ya juu, nusu ya juu.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 95, kwa sababu tatizo liko hapo. Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kimepata maombi 50,000 na kinachukua watu 2,000. Kati ya waombaji hao, 30,000 wako katika sehemu ya kumi ya juu ya madarasa yao. Kati ya waliochukuliwa, 1,900 wanatoka kundi hilo. Chuo kitasema, na kitakuwa kimesema kweli, kwamba asilimia 95 ya waliochukuliwa walikuwa huko juu. Lakini mwombaji wa kundi hilo ana bahati gani? Gawa 1,900 kwa 30,000: asilimia 6 na kidogo. Wenzake zaidi ya 28,000, wote wa juu, wamekataliwa. Namba zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inatueleza walioingia walitoka wapi. Ya pili inatueleza walioko juu wanaishia wapi. Mzazi anauliza la pili na kujibiwa kwa namba ya la kwanza.

Wala nisieleweke kwamba nafasi haina kazi. Katika mfano huohuo, waombaji 20,000 waliobaki wamepata viti 100 tu, yaani nusu ya asilimia moja. Aliye juu ana bahati zaidi ya mara kumi na mbili ya aliye chini. Kukosa nafasi nzuri kunakaribia kukufungia mlango, na kuwa nayo kunakuweka kwenye foleni ndefu ya watu walio kama wewe.

Urefu wa foleni hiyo unajulikana. Marekani ina shule za sekondari zaidi ya 20,000, na nyingi humaliza mwaka zikiwa na mwanafunzi wake wa kwanza, pengine zaidi ya mmoja kwa sababu wamefungana. Harvard mwaka 2024 ilipokea maombi zaidi ya 54,000 na ikakubali watu takriban 1,940. Katika kesi ya udahili dhidi ya Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ilielezwa mahakamani kwamba katika msimu mmoja waombaji zaidi ya 8,000 wa ndani ya Marekani walikuwa na GPA kamilifu. Msimu huo Harvard ilikubali watu takriban 2,000, pamoja na wa kutoka nje ya nchi. Hata chuo kingeamua kuchukua wenye alama kamili peke yao, kingelazimika kukataa wengi wao.

Kwenye takwimu zenyewe kuna jambo jingine linalorukwa. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka jedwali la taarifa zao kwa mpangilio wa pamoja. Kifungu cha nafasi darasani humo hutaja wanafunzi waliojiunga, na miongoni mwao huhesabu wale tu ambao shule zao zimetaja nafasi. Mstari wa chini unaonyesha ni sehemu gani ya wanafunzi imehesabiwa, nao karibu hakuna anayeusoma. Katika vyuo vingi vyenye ushindani mkali sehemu hiyo haifiki nusu. Waliobaki wametoka shule zisizopanga wanafunzi kabisa, au zinazowapanga bila kutoa namba. Shule za namna hiyo ni nyingi, nyingine zenye jina kubwa, na ziliacha kwa sababu ya msingi: darasani kwao mtu wa 40 anaweza kuwa na wastani unaotofautiana na wa 10 kwa alama ndogo sana, lakini kwenye karatasi 40 inaonekana mbali na 10.

Shule isipotoa nafasi, ofisa udahili hakosi pa kushika. Mwalimu mshauri hutuma maelezo ya shule: masomo gani magumu yanafundishwa, alama zimesambaa vipi, wahitimu wameenda wapi. Ofisa, ambaye mara nyingi husoma maombi ya eneo lilelile mwaka hadi mwaka, huona mwombaji amesimama wapi bila kuambiwa namba. Kwanza hutazama ugumu wa masomo aliyochagua. Wa kwanza aliyekimbia hesabu ngumu anaweza kupitwa na wa kumi na tano aliyezichukua zote.

Ipo sehemu ambako nafasi darasani ina nguvu ya sheria, na nadhani ndiyo iliyozaa dhana kwamba namba inatosha. Texas ilipitisha sheria mwaka 1997, baada ya mahakama kuzuia kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili. Mwanafunzi aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya shule yake ndani ya jimbo anakubaliwa moja kwa moja na vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kilifurika, kikaruhusiwa kubana, na kwa wanaoingia mwaka 2026 kiwango chake ni asilimia 5. Hata hapo anachohakikishiwa mtu ni chuo. Kozi anayoitaka, iwe uhandisi au kompyuta, inashindaniwa upya. Sheria hiyo haimhusu kijana wa Moshi au Kisumu, na haivigusi vyuo binafsi kama Harvard au Yale.

Kwetu kuna mkanganyiko wa ziada. Mtu akisikia "asilimia 10 ya juu" anafikiria alama 90 kwa 100. Haya mambo hayahusiani. Asilimia hiyo inahesabu watu. Katika shule inayotahini kwa ukali, mwenye wastani wa 68 anaweza kuwa wa 2 kati ya 140. Wala nafasi hii si ya kitaifa. Yule tuliyezoea kumwita TO, yaani Tanzania One, alipatikana kwa kulinganisha nchi nzima, na Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi na shule bora Januari 2023. Udahili wa ndani nao haujali ulikuwa wa ngapi darasani: Tanzania hutazama pointi za kidato cha sita, Kenya hutazama matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Mwanafunzi anaweza kufika chuo kikuu hapa bila kuulizwa hata mara moja.

Ndiyo maana namba hii, ambayo kwetu haina kazi kubwa, inaweza kumsaidia sana mwombaji wetu kule. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, A huanza 75. Kidato cha sita huanza 80. Msomaji wa Marekani aliyezoea kwamba 75 ni C anaweza kuona ripoti ya muhula yenye 76 na kudhani mtoto ni wa kawaida. Akiona pembeni yake "wa 2 kati ya 140", anaelewa kwamba wanafunzi 138 wa shule hiyo wamepata chini ya hapo. Kwa ripoti zetu, nafasi inafanya kazi ya kutafsiri alama, na kazi hiyo ni kubwa kuliko inayofanya kwa Mmarekani mwenye GPA ambayo kila ofisa anaijua.

Kwa hiyo, mwalimu, ukijaza fomu ya shule, usiandike "wa pili" peke yake. Andika kati ya wangapi, kwa masomo yapi, kwa mihula ipi, na viwango vya alama vya shule yako. Kama shule yenu haipangi wanafunzi, sema haipangi. Fomu ina sehemu ya jibu hilo na mwanafunzi haadhibiwi kwa sababu hiyo. Nawe mzazi, ukiulizwa bahati ya mwanao, tafuta asilimia ya waombaji wote waliokubaliwa na anza kufikiria kutoka hapo. Nafasi yake ya pili imemfanya astahili kusomwa kwa makini, na ni haki yako kujivunia hilo.